Kichujio gani cha maji ya kunywa kinafaa nyumbani kwako? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Uganda

Ukurasa huu ni wa kila anayekunywa maji Uganda na kusoma Kiswahili: wa Kampala na Jinja, wa Kasese na Arua, wa Bombo na Busia, pamoja na ndugu zetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali. Maswali tumeyaacha jinsi watu wanavyoyauliza.

Kichujio bora kuliko vyote ni kipi?

Hakipo, na anayekuambia kipo anataka kukuuzia alichonacho. Kila kichujio kimetengenezwa kuzuia vitu fulani na kupitisha vingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize maji yako yana nini.

Kuna tope na takataka unazoziona kwa macho. Kuna vijidudu usivyoviona. Protozoa kama Giardia na Cryptosporidium wana ukubwa wa maikroni 4 hadi 12 (maikroni 1,000 ndiyo milimita 1). Bakteria wa taifodi, kipindupindu na kuhara damu ni wadogo zaidi, na virusi kama rota na vya homa ya ini aina ya A viko chini ya maikroni 0.1. Halafu kuna vitu vilivyoyeyuka: floraidi, nitrati, chumvi, risasi. Hivi ni kama sukari ndani ya chai. Chuja chai hiyo mara kumi, majani yatabaki kwenye chujio na utamu utapita.

Kwa familia nyingi za Uganda adui wa kwanza ni vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi. Kemikali zipo, na tutazieleza, lakini ziko mahali fulani fulani. Inauma kuona mtu ametoa mamilioni kununua mashine ya kuondoa chumvi ambazo hazimo majini mwake, na huku mtoto anaendelea kuharisha kwa sababu kikombe kinachochovywa ndani ya ndoo ni cha kila mtu.

Mimi nina bomba la NWSC (shirika la taifa la maji), na maji yametiwa dawa. Kwa nini nichuje?

Maji ya Kampala hutoka Ziwa Victoria, kwenye mitambo ya Ggaba na ule mpya wa Katosi, Mukono. Yakitoka mtamboni huwa yamesafishwa na kuwekwa klorini. Shida huanza njiani.

Maji yanapokatika, bomba lililo ardhini hubaki bila msukumo. Kama kuna ufa, na pembeni kuna mtaro wa maji machafu, bomba hilo hufyonza uchafu kuuingiza ndani. Yakirudi, maji ya kwanza hubeba uchafu huo hadi kwako. Ndiyo sababu maji ya dakika za mwanzo baada ya kukatika huwa ya kahawia. Hayo yafungulie, uoshee sakafu. Halafu kuna tangi la juu ambalo halijaoshwa tangu lipandishwe, na jerikeni ambayo ndani yake, ukiingiza kidole, unagusa utelezi. Klorini iliyobaki inatakiwa iwe angalau miligramu 0.2 kwa lita inapofika bombani kwako, na ikikaa siku mbili tangini hupotea.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo: yatibu maji ya kunywa, lakini tiba yenyewe iwe nyepesi. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi chache sana. Mwenye bomba la Kampala, Entebbe au Jinja anahitaji kuzuia vijidudu, na akitaka kuondoa ladha ya klorini aongeze kichujio cha kaboni (mkaa maalumu). Mashine ya RO, ile ya kuondoa chumvi kwa kusukuma maji kwenye utando, hapo ni hasara.

Chemchemi ya mtaani kwetu inatoa maji maangavu, na baridi, kuliko ya bomba. Nayo nichuje?

Uangavu hausemi lolote kuhusu vijidudu. Chemchemi nyingi za Kampala ziko chini ya vilima vilivyojaa nyumba na vyoo vya shimo, na maji ya mvua yakipenya udongoni hupita vyooni kabla ya kufika kwenye bomba lile la chemchemi. Kujengewa zege na ngazi hakubadilishi njia hiyo ya chini. Kati ya Januari na Juni 2015 Kampala ilipata mlipuko wa taifodi ulioshukiwa kuwapata zaidi ya watu 10,000, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye maji machafu na vinywaji vya kwenye kavera.

Chemchemi hizo zina jambo la pili ambalo watu hawalijui: nitrati, inayotoka kwenye vyoo hivyo hivyo. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 50 kwa lita. Mtu mzima hapati shida ya haraka, lakini mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji yenye nitrati nyingi, damu yake hushindwa kubeba oksijeni na ngozi huwa ya bluu. Kuchemsha hakuiondoi nitrati. Maji yakipungua kwa mvuke, nitrati iliyobaki huwa nzito zaidi. Mama anayenyonyesha hana haja ya kuhangaika na hili. Anayetumia maziwa ya unga atafute maji ya bomba kwa ajili ya mtoto, ayachemshe.

Si nichemshe tu? Bibi yangu alichemsha.

Bibi alikuwa sahihi. Kuchemsha kunaua bakteria, virusi na protozoa wote, jambo ambalo vichujio vingi vya bei nafuu haviwezi. Yakishatokota kwa nguvu, yaache dakika 1, basi. Kabale na Kisoro, ambako ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari au zaidi, yaache dakika 3, maana maji huko hutokota yakiwa na joto dogo zaidi. Kutokotesha robo saa ni kuchoma makaa bure.

Kinachowashinda watu ni makaa yenyewe. Sigiri ya kupikia posho na maharage haina nafasi ya sufuria ya lita 20 kila siku, na siku makaa yakipanda bei ndiyo siku watoto wanakunywa maji mabichi. Hapo kichujio kinajilipa. Na kumbuka kuwa maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote yakishapoa: mkono mmoja mchafu unatosha kuyaharibu.

Kichujio cha udongo, kile cha chungu ndani ya ndoo, kinafanya kazi kweli?

Kinafanya. Udongo hufinyangwa pamoja na unga wa mbao au makapi ya mpunga, kisha huchomwa. Unga ukiungua huacha vijitundu ambavyo maji hupita polepole na bakteria hukwama. Vingi hupakwa madini ya fedha ili vijidudu visiote ndani yake. Hapa Uganda kinachojulikana ni Purifaaya, kinachotengenezwa nchini na kampuni ya SPOUTS of Water; vipo pia vya mshumaa (kauri yenye umbo la mshumaa) vinavyofungwa ndani ya ndoo.

Uzuri wake: hakitaki umeme, hakitaki bomba, kinapoza maji, na mama wa nyumba anakielewa siku ya kwanza. Bakteria na protozoa hukamatwa kwa kiwango kikubwa.

Udhaifu wake ni huu. Virusi vingi hupita. Kasi ni lita 1 hadi 3 kwa saa, hivyo familia ya watu wanane lazima ikijaze asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Na chungu kikipata ufa, hata usioonekana, maji hupita ufani bila kuchujwa. Kikianza ghafla kuchuja haraka kuliko zamani, usifurahi: kitoe, kikague, na ukiona ufa usikinywee tena. Kikisafiri kwa bodaboda toka mjini hadi kijijini, kifungie blanketi.

Na vile vya bomba jembamba, kama Sawyer na LifeStraw?

Hivi vina nyuzi za plastiki zenye uwazi katikati, na kuta zake zina matundu madogo sana. Angalia tundu ni la ukubwa gani, maana hapo ndipo tofauti ilipo. Sawyer ya ndoo ina matundu ya maikroni 0.1: bakteria na protozoa hawapiti, lakini virusi hupita. LifeStraw Family ina matundu ya maikroni 0.02, ambayo huzuia hata virusi. Kwa maji ya mto, ya ziwa moja kwa moja au ya bwawa la ng'ombe, mimi ningelipa ziada kupata hicho cha 0.02.

Vyote viwili hufanya kazi kwa uzito wa maji tu, bila umeme, na huchuja haraka kuliko udongo. Vyote viwili huziba upesi kwa maji ya tope, kwa hiyo yaache maji yatulie usiku kucha, yapitishe kwenye kitambaa safi, ndipo uyamwage kichujioni. Na lazima visukumwe maji kinyumenyume kila siku au kila baada ya siku chache. Asiyefanya hivyo atasema kichujio kimekufa, kumbe kimeziba.

Floraidi, nitrati na chumvi havizuiwi na chochote katika kundi hili.

Kichujio cha mchanga je?

Ni pipa la zege au plastiki lenye changarawe chini na mchanga mwembamba juu, na maji yanayosimama sentimita 5 juu ya mchanga. Aliyebuni umbo la nyumbani ni David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, katika miaka ya 1990. Juu ya mchanga huota utando hai wa viumbe vidogo vinavyokula vijidudu, na utando huo unahitaji takriban mwezi mmoja kukomaa. Kwa hiyo mwezi wa kwanza maji yake bado uyachemshe au uyatie dawa. Usikimwagie maji yenye klorini, utaua kinachokusafishia. Usikiache kikavu.

Ni kizuri kwa nyumba iliyotulia kijijini yenye chanzo kimoja kila siku. Kwa mpangaji anayehama kila baada ya miezi, hapana: kina uzito wa watu wawili.

Kaboni, UV na RO: nitofautisheje?

Kaboni ni mkaa uliotengenezwa maalumu, wenye vinyweleo vingi sana. Hunasa klorini, harufu, ladha mbaya, na kemikali nyingi za mashambani. Haui vijidudu, haitoi floraidi wala nitrati. Ikipitisha muda wake, bakteria huota humo humo. Kaboni peke yake si kichujio cha maji ya chemchemi wala ya mto.

UV ni taa. Huharibu uwezo wa vijidudu kuzaana, virusi vikiwemo, na haiondoi kitu kingine chochote. Maji lazima yawe maangavu, vinginevyo vijidudu hujificha nyuma ya chembe za tope. Taa hubadilishwa karibu kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu mionzi inayofanya kazi hufifia kabla ya mwanga unaouona. Umeme ukikatika, maji yanayopita hayajatibiwa.

RO husukuma maji kwa nguvu kupitia utando unaozuia karibu kila kitu kilichoyeyuka: floraidi, nitrati, chumvi, risasi, aseniki. Ndiyo mashine yenye uwezo mkubwa kuliko zote hapa, na ndiyo inayouzwa vibaya kuliko zote. Mashine nyingi za nyumbani hutupa lita 3 au zaidi kwa kila lita 1 ya kunywa. Yaani kupata jerikeni moja unatumia nne. Hayo ya kutupwa yanafaa kudekia na kumwaga chooni, lakini kwa anayenunua maji kwa jerikeni hesabu haikai. Pia inataka msukumo wa bar 3 hivi (bar ni kipimo cha msukumo). Tangi lililoinuliwa mita 10 linatoa bar 1 tu, kwa hiyo utahitaji pampu, na pampu inataka umeme.

Muuzaji alikuja nyumbani, akatumbukiza waya mbili kwenye maji yangu ya bomba, yakageuka kahawia kama kinyesi. Maji ya mashine yake yalibaki meupe. Nimeogopa.

Usiogope, na usinunue. Kifaa kile kina vijiti vya chuma. Umeme ukipita ndani ya maji, chuma cha kijiti huyeyuka na kuwa kutu, na kutu ndiyo ile kahawia. Haikuwa ndani ya maji yako. Maji ya RO hayana chumvi za kutosha kupitisha umeme, ndiyo maana hubaki meupe. Siku nyingine mwambie atie chumvi kidogo ya mezani kwenye glasi ya maji ya mashine yake, kisha awashe tena: nayo yatageuka kahawia mbele ya macho yenu. Madini yale yale yanayopitisha umeme, kalisiamu na magnesiamu, mwili wako unayahitaji.

Wanaofanya mchezo huu huwalenga akina mama walio peke yao nyumbani mchana na wazee wenye kisukari au presha. Waambie majirani.

Nina mita ya TDS. Ikisoma chini, maji ni salama?

Hapana. Mita hiyo hupima jumla ya vitu vilivyoyeyuka vinavyopitisha umeme, bila kuvitaja. Haioni bakteria hata mmoja. Maji ya mvua yaliyopita kwenye kinyesi cha ndege juu ya bati yatasoma chini kabisa, na maji mazuri ya kisima yenye kalisiamu yatasoma juu. Inafaa kwa kazi moja: kujua kama utando wa RO umechoka, kwa kulinganisha maji yanayoingia na yanayotoka.

Tunaishi Kisoro na meno ya watoto yana madoa ya kahawia. Kichujio cha udongo kitasaidia?

Hakitasaidia kwa hilo. Madoa hayo yakiwa kwa watoto wengi wa eneo moja, shaka ya kwanza ni floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mufumbiro. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na tafiti za meno zilizofanyika Kisoro zilikuta maji yenye karibu miligramu 2.5. Ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri hata mifupa.

Kinachotoa floraidi ni RO, alumina iliyoamilishwa, au mkaa wa mifupa. Huu wa mifupa umetumika miaka mingi Nakuru, Kenya, kupitia dayosisi ya Kikatoliki: mifupa ya ng'ombe huchomwa hadi kuwa chembe nyeusi, na chembe hizo hunasa floraidi. Wasomaji Waislamu huuliza mifupa ni ya mnyama gani. Ni swali la haki, muulize mtengenezaji kabla ya kununua.

Lakini njia rahisi kuliko zote Kisoro ni mvua. Maji ya mvua hayana floraidi. Yahifadhi kwa ajili ya kunywa na kupikia chakula cha watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi; maji ya chanzo yabaki ya kufulia na kuogea.

Pampu ya kijijini inatoa maji mekundu, na chai inakuwa nyeusi.

Hiyo ni chuma. Mara nyingi haitoki hata ardhini: maji yenye uchachu kidogo hula mabomba ya chuma ya pampu yenyewe. Haina madhara makubwa, ila inachafua nguo na kuwarudisha watu kwenye maji ya bwawa, na hapo ndipo madhara yalipo. Yamimine kutoka ndoo moja kwenda nyingine mara kadhaa ili yapate hewa, yaache yatulie usiku, kutu itakaa chini. Halafu chuja. Na kamati ya maji iombe mabomba yabadilishwe kuwa ya plastiki au chuma kisichoshika kutu.

Kasese tunasikia kuwa mto una sumu ya mgodi. Tufanye nini?

Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kuzalisha mwaka 1956 na ukasimama karibu na mwanzo wa miaka ya 1980, lakini mabaki ya madini yaliachwa kandokando ya Mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yalikula kingo na kuyasambaza. Shaba na kobalti vimepimwa kwenye udongo na maji ya bonde hilo. Hapa sitakubali mtu anunue kichujio kwa kusikia uvumi. Metali haina harufu, na kichujio cha udongo au cha nyuzi hakiiondoi ikiwa imeyeyuka. Pimeni chanzo chenu kwanza, kwa pamoja kama kijiji ili kugawana gharama. Mkikuta metali imezidi, hameni chanzo ikiwezekana. Mashine ya RO kwa kila nyumba Kilembe ni ndoto ya gharama. Hivyo hivyo kwa ndugu wa Busia wanaokaa karibu na machimbo ya dhahabu ambako zebaki hutumika.

Maji ya ziwa yamekuwa ya kijani na yananuka. Nikichemsha si yatakuwa sawa?

Hili msilifanyie mzaha. Kijani hicho ni mwani wa bluu-kijani, unaostawi kwenye ghuba zinazopokea maji machafu, kama Ghuba ya Murchison inayomwagiwa na mfereji wa Nakivubo. Baadhi yake hutengeneza sumu ya ini iitwayo mikrosistini. Kuchemsha hakuivunji. Kunapasua mwani na kuiachia sumu ndani ya maji. Klorini ya nyumbani nayo si ya kutegemea kwa hili.

Ukiona povu la kijani, usichote hapo, hata kwa ng'ombe. Nenda kwenye bomba, au chota mbali na upande ambao upepo unasukuma mwani. Kichujio chenye kaboni nzuri hupunguza sumu hiyo, lakini kwa wavuvi wa visiwani ushauri wangu ni kubadilisha mahali pa kuchota kwanza.

Kimeandikwa "huondoa 99%". Si inatosha?

Maji yenye bakteria milioni 1, ukitoa asilimia 99, yanabaki na 10,000. Kila tisa inayoongezeka mwishoni ina maana.

WHO ilianza mwaka 2014 mpango wa kupima bidhaa za kutibu maji nyumbani, na huzipa nyota. Nyota 3 ni kuondoa asilimia 99.99 ya bakteria, 99.999 ya virusi na 99.99 ya protozoa. Nyota 2 ni asilimia 99, 99.9 na 99. Nyota 1 ni kufikia viwango vya nyota 2 kwa makundi mawili tu kati ya matatu. Muulize muuzaji: bidhaa hii imepimwa na mpango huo? Kwa bidhaa za Marekani utaona alama ya viwango vya huko, NSF/ANSI, na namba: 42 ni ladha na klorini tu, 53 ni vitu vyenye madhara kwa afya, 55 ni UV, 58 ni RO. Wengi huonyesha cheti cha 42 kana kwamba kinahusu vijidudu. Hakihusu. Angalia pia alama ya Q, alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda (UNBS).

Kipi ni rahisi kwa mfuko wangu?

Usiangalie bei ya dukani peke yake. Gawanya bei kwa lita zote kitakazotoa hadi kife, ongeza vipuri. LifeStraw Family, kwa mfano, mtengenezaji anasema hutoa lita 18,000. Nyumba inayotumia lita 20 za kunywa kwa siku itakitumia siku 900, karibu miaka miwili na nusu. Chukua bei uliyoambiwa, gawanya kwa 900, linganisha na makaa unayochoma kwa siku kuchemsha jerikeni moja.

Swali la vipuri ulize kabla ya kulipa. Mshumaa, kaboni na taa vinapatikana Arua, au lazima mtu apande basi hadi Kampala? Mashine nyingi nzuri zimegeuka mapambo jikoni kwa kukosa kipuri kimoja.

Wakimbizi tunapewa vidonge. Tunahitaji kichujio pia?

Vidonge vya klorini, Aquatabs au Waterguard, vina jambo ambalo hakuna kichujio kinacho: dawa hubaki ndani ya maji na kuendelea kuyalinda ndani ya jerikeni. Mwaka 2018 kipindupindu kilipozuka Hoima kwa watu waliovuka Ziwa Albert kutoka Kongo, klorini ilikuwa kati ya silaha zilizotumika. Soma kidonge ni cha lita ngapi, koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, dawa huishia kwenye tope. Yachuje kwa nguo kwanza.

Klorini ina pengo moja: haimwezi Cryptosporidium, ambaye kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI anaweza kuleta kuhara kusikoisha. Utafiti uliofanywa Tororo na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa klorini pamoja na chombo chenye mdomo mwembamba vilipunguza kuhara kwa takriban robo kwa watu wenye VVU. Kichujio kikitangulia na klorini ikifuata, pengo hilo linazibwa. Kama unaweza kuwa na vyote viwili, chuja kwanza, dawa baadaye. Ukianza na dawa, vichujio vingine huiondoa tena.

Nisafishe vipi, na nibadilishe lini?

Chungu na mshumaa: brashi laini na maji yaliyochujwa, bila sabuni, maana sabuni huingia kwenye vinyweleo na haitoki. Ndoo ya chini na kibomba chake: sabuni, kila wiki. Watu husugua chungu na kusahau kibomba, nacho ndicho kinachoguswa na vidole vya watoto. Nyuzi: sukuma maji kinyume. Kaboni na taa: andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kifaa siku unapofunga.

Maji yakishachujwa niyaweke wapi?

Kwenye chombo chenye kifuniko na kibomba, mahali mbuzi na kuku hawafiki. Kama huna cha kibomba, jerikeni safi ya mdomo mwembamba, ambayo huwezi kuingiza mkono, na umimine. Jerikeni ya kuchotea maji mabichi isiwe hiyo hiyo ya kuwekea yaliyochujwa. Funga uzi mwekundu kwenye moja, kila mtoto atajua. Kuosha ndani: kokoto ndogo, sabuni, tikisa, suuza.

Maji ya kavera je, yale ya kituo cha basi?

Kama haina jina la kampuni, tarehe na alama ya Q, iache.

Maji ya mvua yanahitaji kuchujwa?

Ndiyo. Kinachokosekana humo ni chumvi na floraidi. Kinyesi cha ndege na vumbi la bati vipo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwage nje mpaka bati lioshwe, ndipo uelekeze tangini. Bati lililopakwa rangi ya zamani inayobanduka lisitumike kabisa kwa maji ya kunywa, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Baada ya hapo kichujio chochote cha vijidudu kinatosha.

Nikitaka kupimiwa maji, niende wapi?

NWSC wana maabara yao kuu Bugolobi, UNBS wako Bweyogerere, na maabara ya serikali ya uchunguzi iko Wandegeya. Walio mbali na Kampala waanze na ofisi ya maji ya wilaya. Omba chupa iliyotakaswa kutoka maabara hiyo hiyo; chupa ya soda iliyooshwa itaharibu kipimo. Kama ni maji ya bomba, waambie, ili wakupe chupa yenye dawa ya kuzima klorini. Fungua bomba, acha yatiririke dakika moja au mbili, jaza bila kugusa mdomo wa chupa, weka kwenye barafu, na ufikishe ndani ya saa 6 ikiwezekana, wala isizidi saa 24.

Omba wapime E. coli (bakteria anayeonyesha kuwa kinyesi kimeingia), tope na nitrati. Ongeza floraidi kama uko Kisoro au eneo lingine la volkano, chuma kama pampu inatoa wekundu, metali kama uko karibu na mgodi. Matokeo ya E. coli yanatakiwa yawe 0 kwa mililita 100. Pima maji ya chanzo na maji yaliyo kwenye ndoo ya kunywea kwa siku hiyo hiyo. Ya chanzo yakiwa safi na ya ndoo yakiwa machafu, usinunue kichujio bado: badilisha ndoo.